Bastola Iliyotengenezwa na Watatu

Sogeeni karibu, na mlio nyuma mnyamaze. Kisa hiki kina swali mwishoni, na sitaki mtu aniambie hakusikia mwanzo wake.

Katika milima ya Taita waliishi mafundi watatu. Wakesho alikuwa na sikio. Ukimletea cherehani iliyokwama, aliizungusha mara moja tu akakwambia inaumwa wapi. Mwadime alikuwa na kumbukumbu. Chuma alichokiona hakikumtoka kichwani, na alijua kipi kingekubali kukaa na kipi. Mkamburi alikuwa na mikono. Akishika tupa, chuma kilimtii kama muhogo uliochemka.

Walichokosa ni mahali. Walifanyia kazi barazani kwa mtu, mvua ikija wanafunga, na mwenye baraza alikuwa amewapa mwezi mmoja wahame.

Ndipo Mzee Mwasaru alipowaita. Alikuwa na karakana ya mawe yenye jiriwa mbili za kubania chuma na dirisha linalotazama mfereji wa maji. Ng'ambo ya mfereji aliishi ndugu yake, Mzee Mghendi. Hawakuwa wakisalimiana. Miaka ishirini nyuma Mghendi aliugeuza mfereji ule wakati wa kiangazi, na shamba la Mwasaru likakauka lote.

Mezani palikuwa na sanduku, na ndani yake bastola ya shabaha. Mzee aliwahi kushindia vikombe nayo. Kibali chake kilikuwa hai, lakini bastola yenyewe haikuwa imelia kwa miaka hiyo ishirini.

"Sina mtoto," akasema. "Atakayeitengeneza hii, karakana ni yake. Mmoja tu. Fahali wawili hawakai zizi moja, sembuse watatu."

Sasa, kwa mafundi wale palikuwa na desturi. Kifaa kinachoweza kumwaga damu hakikurudishwa hivi hivi. Mwenyewe alipewa maji katika kibuyu, akapiga funda, akayatema chini na kutamka kwamba moyoni hana hasira na mtu. Huko ndiko kutasa. Mwenye hasira hukikwepa kibuyu, kwa sababu huogopa kusema uongo mbele ya maji.

Wakesho ndiye aliyeanza. Aliivuta nyundo ya bastola tupu karibu na sikio lake, akaiachia, akasikiliza, akarudia. Akasema springi imechoka na pini inayogonga risasi imekatika ncha, vingine vyote ni vizima. Bila yeye wangebadilisha visivyohitaji na kuharibu vilivyo vizima. Lakini alipoitoa pini aliona haikukatika kwa uzee. Ilikuwa imegongwa kwa jiwe, na alama za jiwe zilikuwepo. Mtu aliinyamazisha bastola hii kwa makusudi. Wakesho alitaka kuuliza ni nani na kwa nini. Akaitazama ile jiriwa, akanyamaza. Kuhusu kibuyu, alijiambia kwamba hicho ni cha atakayekabidhi.

Mwadime akaondoka na vipimo vya Wakesho. Bastola za aina ile zilikuwa zimeacha kutengenezwa zamani. Akakumbuka kwamba toleo lililofuata lilikuwa na springi ileile, ila pini yake ni ndefu kidogo. Alizunguka siku tisa katika maduka ya silaha yenye leseni, mpaka Mombasa akapata bastola mbovu ya toleo hilo, akauziwa vipuri viwili kwa hati. Aliporudi alimuuliza mzee kama amletee karatasi za shabaha za kujaribia. Mzee akasema hazihitaji, na risasi anayo moja, inatosha. Mwadime alijiuliza risasi moja inatosha kwa kazi gani. Lakini mwezi ulikuwa unakwisha, naye akanyamaza. Kuhusu kibuyu, alidhani Wakesho alikitoa siku ya kwanza.

Mkamburi akabaki na pini iliyozidi urefu kwa unene wa unywele. Aliipaka masizi ya koroboi, akaipachika, akaitoa, akatazama palipong'aa, akapapitishia tupa mara moja. Kisha masizi tena. Siku sita. Ukizidisha kidogo, pini ni ya kutupwa na nyingine hakuna. Siku ya sita ilikaa kama iliyozaliwa mle. Alipoinua macho dirishani, alimwona Mzee Mwasaru akihesabu hatua kutoka mlangoni mpaka mferejini. Alifika, akasimama, akarudi akihesabu upya. Mkamburi aliinamisha kichwa. Kuhusu kibuyu, alisema moyoni kwamba kitu kilichopita kwa wenzake wawili hakiwezi kuwa bado hakijatasiwa.

Mzee alipoichukua bastola na kuingia nayo ndani, watatu walianza kugombana palepale mlangoni.

"Bila sikio langu mngekuwa mnatibu mguu wa anayeumwa jino," akasema Wakesho.

"Na daktari bila dawa ni mpiga ramli," akajibu Mwadime.

"Dawa uliyoleta haikuingia mdomoni," akasema Mkamburi. "Nani aliyeiingiza?"

Ng'ambo ya mfereji Mzee Mghendi alikuwa akiondoa majani majini. Aliwasikia, akacheka. "Bastola moja, wazazi watatu! Itarithi ukoo gani?"

Kicheko chake kilikatika, kwa sababu Mzee Mwasaru alikuwa ametoka nje. Alisimama mlangoni. Aliielekeza bastola ng'ambo ya mfereji, ikalia mara moja.

Mzee Mghendi hakufa. Risasi ilipita kwenye kiganja cha kulia, na mpaka leo mkono ule haufumbi. Mzee Mwasaru alichukuliwa na askari siku ileile. Aliondoka bila kubisha, akisema neno moja tu, kwamba ahadi ya karakana iko palepale na ufunguo ukabidhiwe na ndugu yake, maana hana jamaa mwingine.

Baada ya wiki tatu Mzee Mghendi aliwaita. Mkono ulikuwa umefungwa. Kwa ule mzima aliweka ufunguo mezani, na kando yake kibuyu cha maji.

"Siku ile mlikuwa wazazi watatu," akasema. "Nauliza tena. Nani aliyeitengeneza?"

Mwenye baraza alikuwa ameshatupa vifaa vyao nje, na mawingu yalikuwa yanashuka mlimani.

"Ufunguo na kibuyu havitengani," akasema. "Atakayechukua huu atapiga funda, ateme, na atamke mbele ya mkono huu kwamba hakuona dalili yoyote ya hasira. Mimi mwenyewe niliugeuza mfereji kiangazi kile na sikutasa. Kwa hiyo simhukumu mtu. Nasubiri."

Wakesho akautazama mlango. Mwadime akatazama miguu yake. Mkono wa Mkamburi uliinuka, ukafika katikati ya meza, ukasimama.

Mkono huo nauacha hapo. Sasa ni zamu yenu mnaosikiliza. Aliyesikia, aliyetafuta na aliyechonga: kama mmoja angekosekana, bastola isingelia. Na kama mmoja angeuliza, isingelia vilevile. Ungekuwa wewe ndiye Mzee Mghendi, ufunguo ungempa nani? Na baada ya kumpa, ungeweza kumtazama akipiga funda?