Gari Lililovuta Kushoto

Mtu mmoja alikuwa na gari kubwa la zamani, nalo lilikuwa na kasoro moja tu: lilivuta kushoto. Mtu huyo aliitwa Asajile, na mji wake ulikuwa mlimani, katikati ya mashamba ya chai. Gari lenyewe aliuziwa na meneja wa shamba aliyekuwa anarudi kwao. Lilikuwa jeupe, lenye boneti ndefu kama meza ya karamu, na kwenye kiti cha nyuma walikaa watu wanne bila kubanana. Ukiuachia usukani kidogo tu, hilo, linakwenda zake mtaroni. Meneja hakumficha. Alimwonyesha, akamwambia atalizoea.

Akalizoea. Akalizoea kupita kiasi, ndugu zangu. Miaka kumi na minane alishika usukani huku akiuvuta kidogo kulia, hata mkono ukawa unavuta wenyewe bila kumwuliza. Hakuna mtu mwingine aliyeliweza gari lile. Shemasi mmoja aliomba alisogeze kutoka mlangoni mwa kanisa, akaishia kwenye ua wa michongoma, na mji mzima ukacheka wiki nzima. Asajile alicheka kuliko wote. Mwingine angeona aibu kuwa na gari bovu. Yeye alitembea kifua mbele. "Hili lina mwenyewe," alikuwa akisema, na kweli lilikuwa na mwenyewe. Lilibeba maharusi. Nusu ya akina mama wa mji ule walikwenda kufunga ndoa wakiwa wamekaa kwenye kiti kile cha nyuma, na Asajile mbele, suti nyeusi, mkono wa kulia umekaza.

Basi injini ikazeeka. Kanisa liko juu kilimani, na gari likawa linapanda kwa kukohoa. Kwaya inamaliza nyimbo zake zote, inaanza kurudia, bibi harusi bado yuko njiani. Siku moja wapambe wa bwana harusi walilazimika kushuka na viatu vyao vya kung'aa, wakasukuma. Kamati za harusi zikaanza kumkwepa. Walimwamkia kwa heshima, kisha wakaenda kukodi vigari vipya vidogo. Asajile aliyaona hayo, yakamuuma.

Hapo ndipo binti yake, Ikupa, alipochumbiwa. Alikuwa mtoto wake wa pekee. Mama yake alifariki Ikupa akiwa darasa la pili, na Asajile ndiye aliyemsuka nywele, vibaya vibaya, mpaka alipojua kujisuka mwenyewe. Mchumba alikuwa kijana mtaratibu, Lwitiko, mpima ardhi. Asajile akaapa kwamba mwanawe hatapanda kilima kile ndani ya gari la mtu mwingine, wala hatasukumwa. Akalipeleka gari kwa mdogo wake.

Mdogo wake huyo, Gwamaka, mtoto wa baba yake mdogo, alikuwa fundi, mwenye gereji chini ya soko. Alikuwa mtu wa maneno machache na mikono safi ya kazi. Akatafuta injini nyingine yenye nguvu mara mbili ya ile ya zamani, akaifunga. Asajile akaona kazi imekwisha. Gwamaka akakataa. Alisema nguvu mpya haiwezi kubebwa na miguu mibovu. Akabadilisha springi na shokapu, akafunga breki kubwa zaidi, akafungua viungo vyote vya usukani, kilicholika akatupa. Mwisho akayapima magurudumu yote manne mpaka yakatazama njia moja. Alitaka gari lishike barabara. Asajile akamwambia fanya, fanya unavyojua, mradi lipande mlima.

Jumanne ya wiki ya harusi Asajile akaja kulichukua. Kilima alikipanda kama hakipo. Moyo wake ulifurahi, na nani asingefurahi? Kisha akafika kwenye tambarare ya kiwanda cha chai, akakanyaga mafuta, na gari likaenda kulia, moja kwa moja, uso kwa uso na lori la majani mabichi. Alikwepa kwa upana wa kiganja. Dereva wa lori alimtukana tusi ambalo sitalirudia mbele yenu. Kufika darajani likafanya vile vile. Asajile akageuza, jasho linamtiririka mgongoni, akarudi gereji amefura.

"Umeniharibia gari," akamwambia mdogo wake mbele ya wateja. "Sasa linavuta kulia!"

 Gwamaka alifuta mikono, akakaa kwenye usukani, kaka yake akakaa kando yake. Walipofika kwenye ile tambarare, mwendo ukiwa umekolea, fundi aliinua mikono yote miwili, akaiweka magotini. Asajile akashika dashibodi, akasema, "We!" Gari likaenda. Likapita nguzo ya umeme, likapita ya pili, likapita ya tano, halikwenda huku wala kule, limenyooka kama uzi wa mwashi. Ndipo Gwamaka akasema:

"Kaka, gari halivuti popote. Anayevuta ni wewe."

Si jambo jepesi kuambiwa hivyo na mtu uliyemfundisha kunawa uso.  Gwamaka, kwa upole, akamweleza kwamba mkono hujifunza na mkono husahau. Waje kila jioni kwenye uwanja wa mpira, siku nne zinatosha, na Jumamosi atampeleka mwanawe kanisani kwa vidole viwili. Asajile akajiona uwanjani, na mvi zake, anazunguka magoli polepole kama mwanafunzi wa udereva, na watu wamejaa pembeni. Tena kulikuwa na jambo jingine, na hilo hakulitamka. Wakati wa kurudi Gwamaka ndiye aliyeendesha. Aliendesha huku akipiga mluzi. Kumbe sasa gari lile aliweza kuliendesha mtu yeyote. Hilo lilimchoma Asajile kuliko lile lori.

Walipofika gereji akatoa amri. "Lirudishe lilivyokuwa. Injini iache. Lakini livute kushoto, kama zamani."

Gwamaka alidhani anatania. Alipoona hatanii, akajaribu kumwonya: "Zamani lilikuwa linatembea, kaka. Sasa linakimbia. Likivuta, halivuti kama lile."

"Mimi na wewe, nani mkubwa?"

Katika ukoo wao swali hilo lilikuwa na jibu moja tu. Gwamaka akachukua spana, akalala chini ya gari, na kile alichokinyoosha kwa wiki tatu akakipinda kwa nusu saa. Ile kazi aliijua kuwa ni mbaya tangu anaianza. Aliifanya kwa makini, kama alivyofanya kazi zake zote.

Jumamosi ikafika, na Asajile akaendesha kama malaika. Mkono ukavuta kulia, gari likavuta kushoto, wakapatana, wakaenda katikati ya njia yao. Kwaya ilikuwa haijamaliza wimbo wa kwanza, Ikupa akawa ameshuka mlangoni. Vigelegele vikapaa. Wale wa kamati zilizomkwepa walikuja kumshika mkono, na wakwe, watu waliotoka mbali, wakalizunguka gari wakilipapasa. Mshereheshaji, ukumbini mchana ule, alisema kwenye kipaza sauti kwamba gari la Mzee Asajile limezaliwa upya, halina hata kasoro moja. Asajile aliyasikia maneno hayo yakimwingia kama uji wa moto asubuhi ya baridi.

Ikaja zamu ya zawadi. Wakwe wakatoa ng'ombe, tena si mmoja. Asajile alikuwa ameandaa kitanda na kabati. Lakini alipomwona Ikupa amekaa pale mbele, na shela lake, na sura ya mama yake ile ile, moyo ukamjaa. Hakuwa amepanga. Alisimama, akachomoa ufunguo mfukoni, akauinua juu watu wote wauone, akasema gari ni lao. Ukumbi ukalipuka. Lwitiko alipiga magoti kuupokea.

Sasa sikilizeni. Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwa Asajile. Sentensi moja tu ilihitajika: mwanangu, linavuta kushoto, kaza kulia. Ilifika ulimini. Lakini wakwe walikuwa meza ya mbele wakimtazama, na dakika chache zilizopita walikuwa wameambiwa halina kasoro. Na akisema, wataulizana kwa nini gari jipya lina ugonjwa wa zamani, na Gwamaka yuko pale pale, meza ya tatu. Akaimeza. Alijiambia atamnong'oneza kijana nje. Nje akina mama waliwazunguka kwa nyimbo, Lwitiko akamfungulia Ikupa mlango, akapiga honi, na Asajile akajikuta anapunga mkono. Akajiambia, basi, kesho asubuhi. Ilikuwa saa kumi na nusu, jua bado kali.

Lwitiko hakuwa mtu wa mbio. Alikwenda taratibu mjini kote, anashika usukani kwa nguvu akidhani ndivyo magari makubwa yalivyo. Baada ya kiwanda cha chai barabara iko wazi, na Ikupa akamwambia ajaribu, waone. Akakanyaga kidogo. Injini ile haikujua kidogo. Gari likaruka mbele na kuvuta kushoto kwa mpigo mmoja, na mikono ya yule kijana, mikono mizuri iliyojifunza kwenye magari yaliyonyooka, haikuwa na habari. Likavuka mtaro, likaingia kwenye chai, likaukuta mti wa mkaratusi. Lwitiko alivunjika miguu yote miwili. Ikupa aliumia uti wa mgongo. Hakufa. Lakini kutembea, hakutembea tena.

Mji ukasema ulivyozoea kusema. Kijana alilewa furaha. Vijana wa siku hizi wakishika kitu chenye nguvu wanasahau. Gari lile, watu wakakumbushana, lina mwenyewe. Asajile aliyasikia hayo barabarani akielekea hospitali, na hakumkatiza mtu.

Alimkuta Ikupa amelala. Kwenye kitanda cha pili alikuwepo Lwitiko, na Gwamaka amesimama miguuni kwake na chupa ya uji. Kijana alipomwona mkwewe alijaribu kujiinua, akashindwa. Machozi yakamtoka. "Baba," akasema, "ulinikabidhi mwanao na gari lako siku moja, nimeviharibu vyote. Nisamehe."

 Gwamaka alimtazama kaka yake, akangoja. Kisha akatazama chini.

"Nimekusamehe, mwanangu," akasema Asajile, na akamshika mkono.

Na wote waliokuwa wodini, wagonjwa na wauguzi, wakasema mzee huyu ana moyo wa pekee.

Nami nawauliza ninyi mlioketi hapa, wazazi wenzangu: ni wangapi kati yetu tumeombwa radhi na watoto ambao usukani wao tuliupinda kwa mikono yetu, nasi, kwa wema wetu, tukawasamehe?