Mbuzi wa Akika Stesheni ya Bologna

Bi Mwanakheri wa Pemba alifika stesheni ya Bologna kuchukua kigari cha kukodi alichokwisha kukilipia. Tebaldi, mkodishaji, akatabasamu.

"Vidogo vimekwisha, mama. Limebaki hili kubwa, viti vya ngozi. Utaongeza kidogo tu."

"Alhamdulillahi! Mbuzi wangu watakaa kwa nafasi."

"Mbuzi?"

"Wa akika ya mjukuu wangu. Wako nje na mume wangu. Wapole sana, ila mmoja anaharisha."

Tebaldi akavuta mtoto wa meza, akatoa ufunguo mbio mbio. "Kumbe kimoja kimebaki! Lakini mbuzi hawapandi!"

"Haya, mwanangu, hawapandi."

Bi Mwanakheri alipotoka, Tebaldi alichungulia dirishani. Akaona mzee mmoja na sanduku lake.

"Mama, mbuzi wako wapi?"

"Watanunuliwa mjukuu akizaliwa," Bi Mwanakheri alijibu akiwasha gari. "Mama yake bado anatafuta mchumba."