Kiapo Kilichofungua Lango la Khani

Inasimuliwa na waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika mji wa Rahbani, uliokuwa ukingoni mwa bonde la mikomamanga, aliishi mwanamke mchamungu aitwaye Lubaba pamoja na mumewe Miqdadi, mfinyanzi wa mitungi. Hawakujaaliwa mtoto. Hata hivyo majirani walikuwa wakisema kwamba nyumba ile haikukosa sauti, kwani Miqdadi alikuwa mwepesi wa kucheka, na Lubaba alijua maneno ya kumchekesha.

Ikawa mwaka mmoja tauni ikaingia mjini pamoja na msafara wa wauza ngozi. Watu wakaanza kuanguka masokoni na majumbani, na jeneza la msikiti likawa halipumziki. Amiri wa mji, aliyeitwa Ubada, akamwita kadhi amshauri. Kadhi huyo alikuwa Sheikh Hazim, mzee mwenye elimu na mwenye kuheshimiwa na wakubwa na wadogo.

Sheikh Hazim akamwambia, "Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametukataza kuingia katika nchi yenye tauni, na ametukataza kutoka humo kwa kuikimbia. Kwa hiyo funga malango ya mji, na uwatenge wagonjwa mahali pamoja wahudumiwe. Kuhifadhi roho za watu ni wajibu wako. Lakini kumbuka, ewe Amiri, kumzuia mja huru asiende kwake si haki yako ya asili. Ni jambo uliloazimwa na dharura, na dharura hukadiriwa kwa kiasi chake. Ikiondoka, nalo huondoka."

Amiri akasema, "Nimesikia, na nimekubali."

Basi likatangazwa msikitini kwamba wagonjwa wote watapelekwa Khani, nalo lilikuwa jengo la kale la kupumzikia misafara, ng'ambo ya bonde. Atakayepona atarejea kwake. Na watu wasikutane barazani wala sokoni mpaka Mwenyezi Mungu auondoe ugonjwa. Kadhi akalitia tangazo lile muhuri wake, na kwa ajili ya muhuri ule watu wakatii.

Lakini si wote waliotii, maana mapenzi ni mazito. Wako waliowaficha wagonjwa wao ghalani na chini ya majamvi. Na Lubaba naye akatiwa katika mtihani huo. Alfajiri moja alimwamsha mumewe kwa sala, akamkuta mwili unawaka na uvimbe umechomoza kwapani. Jirani yake akamnong'oneza juu ya ua, "Mfiche, dada. Wakishamchukua humuoni tena."

Lubaba akakaa kitako mbele ya mumewe, akalia, kisha akasema, "Miqdadi, watoto wa jirani huchota maji kisimani kwetu. Nikikuficha, nitasimama vipi mbele ya Mola wangu, nikiulizwa juu yao?"

Miqdadi akamjibu kwa taabu, "Nenda, mke wangu. Hilo hata mimi ningelifanya."

Lubaba akaenda kwa kadhi kwa miguu yake. Sheikh Hazim alistaajabu, kwani hakuna aliyewahi kuja kumtaja mpenzi wake mwenyewe. Akamwambia, "Ewe Lubaba, umefanya lililowashinda wengi. Nakupa ahadi yangu: siku atakapopona, siku hiyohiyo atarudi kwako."

Miqdadi akachukuliwa. Lubaba akabaki na nyumba. Katika rafu palikuwa na mitungi ambayo Miqdadi aliifinyanga kabla hajaugua, nayo haikuwa imechomwa bado. Alama za vidole gumba vyake zilionekana shingoni mwa kila mmoja. Lubaba hakuruhusu mtu aiguse wala kuitia maji, maana mtungi usiopita motoni ukitiwa maji hurudi kuwa udongo. Alikuwa akipitisha vidole vyake katika alama zile, kisha akirudi kwenye kazi yake ya kufuma sufi.

Mwenyezi Mungu akamjaalia Miqdadi uzima. Habari zilimfikia Lubaba kupitia kwa walinzi. Kila baada ya sala ya alasiri akawa anapanda juu ya dari ya nyumba, anatazama ng'ambo ya bonde, na huko ukutani mwa Khani mtu mdogo kama punje alikuwa akipunga kilemba cheupe. Lubaba naye alikuwa akipunga ushungi wake. Hapakuwa na neno ambalo lingeweza kuvuka bonde lile, lakini alishuka dari akiwa ameshiba.

Siku zikapita, miezi ikafuata, na tauni ikaondoka. Mvua zikanyesha. Jeneza la msikiti likakaa mahali pake mpaka likajaa vumbi. Watu wakasubiri lango la Khani lifunguliwe, halikufunguliwa. Wakasubiri baraza ziruhusiwe, hazikuruhusiwa. Aliyeuliza aliambiwa, "Amiri anachelea ugonjwa usirudi."

Lakini ukweli haukujificha. Amiri Ubada alikuwa ameionja raha ya mji ulionyamaza. Watu wasipokutana hawalalamiki, na wasipolalamika mtawala hulala vizuri. Tena alikuwa akijenga ukuta wa bustani yake nyuma ya Khani, na wale waliopona ndio waliobebeshwa mawe, mchana kutwa, bila ya ridhaa yao.

Lubaba akaenda kwa kadhi. "Sheikh, mume wangu amepona tangu zamani."

Sheikh Hazim akatazama chini. "Najua, mwanangu. Subiri kidogo. Nitamkumbusha Amiri kwa upole, wakati utakapofaa."

Lubaba akarudi, akasubiri. Mlinzi mmoja wa Khani, aliyekuwa binamu wa mama yake, akamhurumia, akamwambia, "Naweza kumshusha kwa kamba upande wa nyuma. Mtaondoka nchi hii pamoja." Moyo wa Lubaba ukaruka kama ndege aliyefunguliwa. Akasema, "Muulize mwenyewe."

Jibu la Miqdadi likaja: "Mwambie Lubaba kwamba hakuna usiku nisiokaa nikiisikia sauti yake. Lakini mimi nikitoroka, watakaobaki watatiwa minyororo kwa sababu yangu. Nitatoka kwa mlango."

Lubaba alipoyasikia hayo alitamani, na Mungu anajua, kwamba mumewe angekuwa mtu mbaya kidogo. Kisha akaomba msamaha kwa tamaa ile.

Zikaja siku ambazo alipanda darini asikione kilemba. Akajiambia kwamba labda wamempeleka upande wa pili wa ukuta. Alasiri ya siku nyingine akapanda tena, na nyingine tena, na jua likamchwea palepale. Ndipo akavumilia hadi asubuhi, akaenda kwa Sheikh Hazim, safari hii bila kulia.

Akasema, "Ewe Kadhi, nisikilize. Mimi sikumtoa mume wangu kwa neno la Amiri. Nilimtoa kwa neno lako. Muhuri uliofunga lile lango ni wako. Unaniambia nisubiri, nami nasubiri, kwani subira nimeamrishwa na Mola wangu. Je, wewe umeamrishwa kunyamaza?"

Sheikh Hazim akawa kama mtu aliyemwagiwa maji usingizini. Machozi yakamtiririka ndevuni. "Nilikuwa nikiuita unyamavu wangu hekima," alisema, "kumbe ni hofu. Nifuate."

Wakaenda pamoja hadi barazani kwa Amiri, mbele ya mawaziri na askari. Sheikh Hazim hakuketi alipokaribishwa.

"Ewe Amiri," alisema, "nimekuja kudai kilichoazimwa. Fungua lango la Khani, na uwaachie watu baraza zao."

Amiri akatabasamu. "Sheikh wangu, wewe ndiye uliyenifunza kuhifadhi roho za watu. Nani anajua kama tauni haitarudi?"

"Hakuna ajuaye. Na wala hakuna ajuaye kama moto hautazuka kesho. Je, leo tuwakataze watu wasipike?"

"Nachukua tahadhari tu."

"Wasimamizi wa bustani yako huingia Khani asubuhi na kutoka jioni, kisha huja kula mezani pako. Lau mle mna tauni, umeiingiza katika sinia lako mwenyewe. Na kama hamna, umewafunga waja wa Mwenyezi Mungu kwa dhuluma."

Uso wa Amiri ukabadilika. "Chunga ulimi wako, mzee. Neno langu moja linatosha kukupeleka ukabebe mawe pamoja nao."

Sheikh Hazim akasema, "Hilo nilistahili tangu siku ile ya kwanza niliponyamaza. Lakini mimi sikugombezi, ewe Amiri. Nakuomba jambo moja, na ukilitenda nitaondoka wala sitarudi. Apa kwa Mwenyezi Mungu, anayejua yaliyomo vifuani, kwamba umelifunga lango lile kwa kuhofia tauni na si kwa sababu nyingine. Apa, nami nitauweka muhuri wangu tena mbele ya watu hawa."

Na Amiri Ubada, pamoja na ujeuri wake, alilelewa na mama mcha Mungu, na hofu ya kiapo cha uongo ilikuwa haijamtoka. Akatazama mikono yake. Akamtazama yule mwanamke aliyesimama nyuma ya kadhi.

Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Siwezi kuapa." Na akamwambia mkuu wa walinzi, "Kafungue."

Watu walimiminika bondeni. Lango likafunguliwa, na waliokuwa ndani wakatoka, wamekonda, mikono imechubuka kwa mawe. Wakakumbatiwa, wakabebwa, watu wakasujudu mavumbini. Lubaba akawa anapita kati yao akiuliza, "Miqdadi? Mmemwona Miqdadi mfinyanzi?"

Akamjia mzee mmoja, mfua shaba, akamshika mkono. "Binti yangu, alikuwa bado hajarudiwa na nguvu zake. Jiwe lilimshinda juu ya ukuta, akaanguka. Tulimwosha na kumswalia na kumzika sisi wenyewe, na walinzi wakakatazwa kusema. Aliniachia maneno. Alisema: mwambieni Lubaba simlaumu kwa kunitaja. Lau angenificha, ningempa maradhi yangu. Namshukuru Mungu kwamba yeye anaishi."

Lubaba akakaa chini. Sheikh Hazim akaja, akapiga magoti mavumbini mbele yake, na watu wanaona. "Laiti ningesema mwezi uliopita," alisema. "Nisamehe."

Lubaba akamtazama. Akasema, "Haki yangu nimekusamehe, Sheikh. Haki ya Miqdadi sina mamlaka nayo. Juu ya hiyo, utakutana naye mbele ya Mola wenu."

Wasimulizi wanasema Sheikh Hazim hakulala vizuri tena maisha yake yote. Lakini hakukaa bure. Alimfikia Amiri, naye Amiri alikuwa akijuta, wakawekeana sharti mbele ya watu wa mji: amri yoyote ya kufunga ikitolewa, itakoma yenyewe kila mwezi mwandamo, isipokuwa kadhi, tabibu na wazee wa mitaa waingie Khani kwa macho yao na kuona haja ya kuiendeleza. Aliyepona atatoka siku hiyo. Na asitumikishwe mtu aliyetengwa, hata kwa kuokota jiwe moja.

Miaka ikapita, ikaingia homa nyingine. Safari hii hakuna aliyemficha mgonjwa wake. Watu waliwaleta wenyewe, wamewashika mikono, kwani walijua kwamba lango lile lina siku ya kufunguliwa. Wengi wakapona, na mji ukasalimika.

Na Lubaba, aliyekuwa sasa ameshazeeka, alikuwa akisimama langoni kila mwezi mwandamo na maji ya kunywa, akimpokea kila anayetoka kama jamaa yake. Alipokwisha kumnywesha wa mwisho, alikuwa akibaki kidogo akitazama nyuma yake, ndani ya ua mtupu. Kisha alikuwa akisema, "Alhamdulillahi," na kwenda zake.

Basi, ndugu zangu katika imani, tumtii mwenye kututenga kwa ajili ya uhai wetu, maana huo ni uchamungu. Na aliyepewa mamlaka kwa sababu ya msiba, ajue kwamba ameshika amana, na amana hairefushwi kwa kupenda kwake aliyeishika. Na mwenye elimu anayeiona dhuluma, asimwambie aliyedhulumiwa asubiri, ilhali yeye mwenyewe ndiye anayesubiriwa. Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa wakingoja mlango, na awakutanishe na wale waliowangoja.