Nyavu Kumi za Mkaguzi

Nilifika mwalo wa Rushonga, kituo cha kupokelea samaki kando ya ziwa, nikiwa mkaguzi wa serikali, mwenye shahada mbili za uvuvi.

"Hamjakamata nyavu haramu hata moja?" nilimfokea Mama Kokusima, mwenyekiti wa wavuvi wanaolinda ziwa. "Basi doria haina kazi. Fedha za mafuta ya boti nazipeleka kwingine."

"Wameziacha kwa kuiogopa hiyo doria, mheshimiwa. Ikisimama, watazirudia."

"Sitaki hadithi. Saa sita nizione nyavu kumi!"

Saa sita akazileta. Nilipima matundu kwa rula.

"Madogo hivi! Hata dagaa mchanga hapenyi!"

Nilizichoma mwenyewe, nikapigwa picha nikitabasamu, nikaidhinisha fedha.

Nilirudi gesti, nikakuta kitanda hakina chandarua.

"Vyote kumi kachukua Mama Kokusima," mhudumu alisema. "Alisema umeviagiza wewe."