Ndoo ya Kihiyo

Aliyepiga ndoo hapikiwi uji.

Mmeisikia, mmecheka, sasa mnataka kujua imetoka wapi. Haya, hicho kicheko kiwekeni karibu, mtakitafuta baadaye. Methali yenyewe ilianza hivi.

Huko kwenye mashamba ya mkonge, Biti Semboja alimpeleka mumewe, Kihiyo, hospitali. Miguu ilikuwa imemvimba kama magogo, hata kujigeuza hawezi. Asubuhi, yeye na shemeji yake, Mhando, walikuwa wakingoja nje ya wodi, saa ya kuona wagonjwa bado. Daktari Mwingereza akatoka, akamwambia mwenzake neno moja, wakapita zao.

"Kasemaje, shemeji?"

Katika ukoo ule Mhando ndiye aliyejua Kiingereza. Alikuwa nacho cha kuombea kazi na cha kutukaniwa. Akakunja uso. "Anasema Kihiyo kapiga ndoo teke."

"Teke? Kwa miguu ile?"

"Ndivyo alivyosema. Kapiga ndoo."

Biti Semboja akapiga vigelegele papo hapo. "Ndoo yao nitawalipa!" Akashika njia ya nyumbani, mwendo wa kutwa, maana mwenye nguvu za kupiga teke hakosi njaa. Akasaga ulezi, akachekecha, akakoroga uji huku akiimba. Kesho yake wakarudi, chungu kichwani.

Kitanda cha Kihiyo kimelaliwa na mtu mwingine.

"Mume wangu mmemhamishia wapi?"

Muuguzi akamtazama yeye, akakitazama chungu. "Mama, si mliambiwa jana?"

"Tuliambiwa kapiga ndoo teke."

Muuguzi akashusha pumzi. "Waingereza wakisema hivyo, mama, mtu amekufa."

Biti Semboja akakishika chungu kwa mikono miwili.

"Basi nipeni nikamwoshe."

"Tumeshamzika. Chumba cha maiti hatuna. Tulikuona unaondoka na vigelegele, tukajua umemsusa."

Wakaonyeshwa tuta la udongo mbichi. Biti Semboja akachuchumaa. Uji ulikuwa umepoa, umefanya utando.

"Shemeji," Mhando akasema, "huenda wamekosea mtu. Pengine kahamishiwa wodi nyingine. Turudi tukaulize."

Biti Semboja akaumimina uji juu ya tuta. Ardhi ilikuwa imeshiba mvua, haikuunywa. Ukatuama pale pale.

"Niache, shemeji. Aliyepiga ndoo hapikiwi uji."