Haki ya Jicho na Haki ya Uso

Mdai haki ya jicho, alipe haki ya uso. Mmelisikia neno hilo katika usuluhishi wa asubuhi, mkatazamana, kisha mkaniuliza limetoka wapi. Nitawaeleza. Lakini ketini vizuri, kwa maana chanzo chake ni aibu, na aibu haisimuliwi kwa haraka wala kwa kicheko.

Katika mji wa Kwemsasu, huko milimani Usambara, palikuwa na kanuni iliyojulikana na kila mtu. Mpiga picha akiuza picha ya mtu, fedha hugawanywa. Sehemu kubwa ni ya yule aliyeona na kupiga, nayo iliitwa haki ya jicho. Sehemu ndogo ni ya yule aliyepigwa, nayo iliitwa haki ya uso. Tena mpiga picha alipaswa kumpelekea mwenye uso nakala ya karatasi na kumwambia picha yake imekwenda wapi. Kanuni hiyo haikuandikwa popote. Waliishika wapiga picha wa kale, wale waliobeba kamera za miguu mitatu kwenda kwenye ubatizo na kipaimara, nao wakawarithisha wanafunzi wao.

Mmoja wa wanafunzi hao alikuwa Barnaba Shekulwavu. Alipokua alifungua studio karibu na soko, akawa mzee wa kanisa, na wapiga picha wenzake wakamchagua kuwa mwenyekiti wao. Wote waliuza picha zao kwa njia ya wakala mmoja wa Dar es Salaam, ambaye kazi yake ilikuwa kuhifadhi picha za watu wengi na kuwauzia ruhusa ya kuzitumia wachapishaji wa kalenda, wenye magazeti na watengenezaji wa matangazo, ndani na nje ya nchi. Wakala alichukua nusu, na mpiga picha nusu.

Zamani za karatasi, picha iliyouzwa ilionekana. Ilirudi mjini ikiwa kwenye kalenda, na mwenye uso aliitambua ukutani kwa jirani. Ulipokuja mtandao, picha ziliuzwa mbali, katika nchi ambazo hakuna mtu wa Kwemsasu aliyezikanyaga, wala hapakuwa na jicho la kuona. Basi haki ya uso ikaanza kuchelewa. Kisha ikasahauliwa. Barnaba alijiambia kwamba atawalipa watu wake fedha itakapokuwa ya kutosha. Ikawa ya kutosha, naye akanunua lenzi.

Ndipo ikaja barua ya wakala. Ilisema kwamba tangu mwezi ule mpiga picha hatapata nusu tena, bali sehemu moja kati ya tano. Sababu zilitolewa kwa adabu nyingi: mauzo ya mtandaoni huleta senti ndogondogo, na gharama ya kuzifikisha kwa mwenyewe ni kubwa kuliko senti zenyewe. Barua haikuuliza, ilijulisha tu.

Wapiga picha waliwaka hasira, na walikuwa na haki ya kukasirika. Kila mwenye simu alikuwa amekwisha kuwa mpiga picha wa harusi ya dada yake, na studio ya Barnaba ilisimama kwa fedha ya wakala peke yake. Nusu ile isiporudi, angefunga mlango. Kwa hiyo alimwalika mjumbe wa wakala, Bwana Lugendo, aje kujibu hadharani, katika ukumbi wa parokia, siku ya soko. Akawaagiza wenzake kila mmoja achague picha zake zilizouzwa sana kuliko nyingine, zichapwe kubwa kama mlango, zitundikwe ukutani, na chini ya kila picha iandikwe kila mahali ilikouzwa.

"Aone alivyokula jasho letu," alisema. "Na mji mzima uitwe, aone haya mbele ya watu."

Wakauita mji mzima. Tazameni jinsi kiburi kinavyopofusha hata watu wanaoishi kwa macho yao: walizikagua picha zile juma zima, mwanga wake na vivuli vyake, wala hakuna aliyewafikiria watu waliomo.

Siku ilipofika ukumbi ulijaa. Bwana Lugendo, kijana mpole aliyevaa tai, aliketi mbele. Barnaba akasimama, akanena vizuri.

"Bwana Lugendo, tumepanda milima hii kwa magoti kuutafuta mwanga wa asubuhi. Ninyi mmeuza, mmepokea, mkakata sehemu yetu bila kutuuliza. Je, kwa kuwa sisi tuko mbali na hatuoni mnavyouza, ndiyo sababu mkadhani hatuna haki?"

Watu wakapiga makofi. Yalipotulia, sauti ya mwanamke ikasikika kutoka kwenye ukuta wa picha. Alikuwa Bibi Debora, mwuza plamu wa sokoni, mjane, ambaye alikuwa amesimama mbele ya uso wake mwenyewe.

"Baba Barnaba, samahani nakukatiza. Huyu ni nani?"

"Ni wewe, mama."

"Naona ni mimi, hata pengo langu limo. Hapa chini pameandikwa nini? Macho yangu hayawezi herufi hizi."

"Mama, tuyaache kwanza, tuna mgeni."

"Mgeni anajua kusoma. Nimsumbue yeye?"

Barnaba akaenda ukutani akasoma, na sauti yake ilipungua kila neno. "Kalenda, Ujerumani. Mkebe wa biskuti, Japani. Tangazo la benki, Brazili."

"Yesu wangu! Nimefika Japani, na nauli ya Lushoto hunishinda!"

Watu wakaangua kicheko. Upande wa pili Mzee Athumani Shemahonge, kinyozi, naye alikuwa amemwita mtu amsomee. "Jamani, ya kwake nafuu," akapaza sauti. "Mimi nimetangaza dawa ya minyoo! Hoza, wewe mtoto, uliniambia unaipiga picha ile kwa kuwa nina uso wa hekima!"

Kicheko kiliongezeka, kisha kikafa chenyewe, maana kila mtu alikuwa ameanza kuzunguka akitafuta uso wake. Hoza, aliyekuwa mdogo kuliko wapiga picha wote, alisimama kujitetea. "Wazee wangu, msitufikirie vibaya. Mtandaoni ni senti ndogondogo tu. Gharama ya kumtafuta kila mtu na kumfikishia ingezidi senti zenyewe."

Bwana Lugendo alikuwa akiwatazama, akainamisha kichwa.

"Nyamaza, Hoza," Barnaba akasema. "Hayo ni maneno ya barua yao."

Bibi Debora hakupiga kelele. "Dai haki ya jicho lako, mwanangu, sikukatazi. Wamekuonea. Lakini lipa kwanza haki ya uso wangu."

Barnaba alimgeukia mjumbe, asiweze kumtazama machoni. "Bwana Lugendo, rudi salama. Leo hatuna mdomo wa kudai."

Jioni ile alikwenda kwa Bibi Debora na bahasha. Bibi aliikataa mlangoni. "Uliuchukua uso wangu sokoni, watu wakiona. Utalipa sokoni, watu wakiona." Wazee wa mji walikubaliana naye, wakaongeza faini ya mbuzi.

Barnaba aliuza lenzi yake. Wenzake nao waliuza walichokuwa nacho. Hoza aliuza pikipiki. Siku ya soko iliyofuata walisimama katikati ya meza za mboga, kila mmoja akimwita mtu wake kwa jina, akimpa haki yake na nakala ya karatasi, na kutaja kwa sauti kila mahali uso ule ulikokwenda. Walioitwa walipokea kwa mikono miwili na kushukuru, na shukrani hiyo iliwachoma kuliko matusi. Baada ya miezi walikwenda tena kwa wakala, wakadai. Wakapata kiasi, wakakosa kiasi.

Lakini siku ile ya soko walimchinja mbuzi wenyewe, wakampika wenyewe, wakawapakulia wauza mboga, vinyozi na wachukuzi. Kwa desturi mwenye kutoa faini haionji. Wapiga picha wakasimama na mabakuli matupu hadi wa mwisho aliposhiba. Mwanga ulikuwa mzuri mno, watu walikula wakicheka, na hakuna aliyethubutu kuinua kamera.

Mdai haki ya jicho, alipe haki ya uso.