Nyuzi za Nyota Iliyolipuka

Hapo zamani, tena si zamani sana, maana kamera na kompyuta zilikuwapo, aliishi milimani Usangi mwanamke aitwaye Nakijwa. Hamu yake ilikuwa moja: kupiga picha ya masalia ya nyota iliyolipuka kabla babu wa babu zake hawajazaliwa. Masalia hayo ni hafifu mno, jicho tupu haliyaoni.

Darubini hakuwa nayo. Akachukua kioo kinene, akakisugua kwa unga wa mawe, akasugua, akasugua, misimu ikapita, vidole vikapasuka, mpaka kioo kikaweza kukusanya nuru ya mbali.

Mumewe Mbonea, seremala, akaunda kiti cha darubini chenye parafujo ya kuzungushwa kwa mkono, ili kamera izifuate nyota zinavyosogea. Kiangazi kizima alizungusha usiku kucha, baridi ya milimani ikimtafuna.

"Mimi sioni kitu kule," alisema, "lakini kama mke wangu anataka, nitazungusha."

Picha zikatoka nyeusi. Nyeusi tii! Nakijwa akalia. Akamwambia dada wa mumewe, Eliakunda, aliyezihifadhi kwenye kompyuta, "Wifi, futa zote. Nimeshindwa."

Eliakunda hakufuta. Alizipanga picha moja juu ya nyingine, nuru kidogo juu ya nuru kidogo, mpaka asubuhi moja akapiga ukelele: "Wifi! Kaka! Njooni mbio!"

Nakijwa alikimbia pekupeku, mikono imejaa unga wa ugali. Lo! Nyuzi nyekundu, nyuzi za buluu, zimesokotana kama moshi kwenye giza! Mbonea akarusha kofia juu. Wakacheka, wakalia, wakakumbatiana, unga ukawaenea wote.

Wakaipeleka picha kwenye shindano la picha za anga, ikashinda. Tuzo: mshindi mmoja, mmoja tu, kwenda kutazama mbingu kwa darubini kubwa ya wataalamu.

"Bila kioo changu, nuru ingekusanywa na nini?" akauliza Nakijwa.

"Bila mkono wangu, nyota zingekuwa michirizi," akasema Mbonea.

"Bila mimi picha zingefutwa," akasema Eliakunda. "Na wewe, wifi, ndiye uliyeniambia nifute."

Nakijwa akainama. Neno lilimchoma kwa kuwa lilikuwa kweli. Lakini ile hamu, jamani, haikumtoka.

Gari la kumchukua mshindi limefika, linapiga honi, nafasi ni moja. Haya, nyie mnaonisikiliza, semeni haraka kabla dereva hajaondoka: je, nani alistahili kupanda?